Sheria ya Sinia: Historia ya Watoto na Chajio katika Pwani

Historia za pwani yetu zimeandikwa kwa wingi juu ya wafalme, majahazi, misikiti na vita. Chache zimeandikwa juu ya chakula cha jioni. Sababu yake si ngumu kuijua. Mfalme huacha kaburi lenye maandishi, na msikiti huacha kuta. Lakini mlo haudumu hata saa moja, na ukiisha kuliwa vyombo huoshwa na walaji hulala. Hata hivyo, mtu aliyetawala mji na mtu aliyejenga msikiti wote wawili walikuwa kwanza watoto walioketi mkekani wakingoja chakula. Sheria ya kwanza waliyopata kuijua duniani haikuwa ya kadhi wala ya liwali. Ilikuwa sheria ya sinia.

Katika insha hii nataka kuitazama sheria hiyo kwa jicho la historia. Jambo linalonisukuma ni malalamiko yasikikayo siku hizi katika nyumba nyingi za mjini, kwamba saa ya chajio imekuwa saa ya fujo. Mtoto mmoja hataki kula, wa pili analia, wa tatu amekwisha kimbia. Mama amechoka na baba amekasirika. Wazee wakiulizwa dawa, aghalabu hujibu kwamba zamani watoto walitulia kwa sababu waliogopa. Jibu hilo lina ukweli kidogo na kosa kubwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba utulivu wa mlo wa zamani ulifanywa na utaratibu, na kwamba hofu ilikuwa mlinzi wa utaratibu huo tu. Katika karne iliyopita tuliuacha utaratibu mmoja baada ya mwingine, tukambakiza mlinzi peke yake, naye hana tena cha kulinda.

Tuanze na vyombo, maana vyombo husema pale ambapo maandishi yamenyamaza. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochunguza mahame ya pwani wameona kwamba katika tabaka za chini vigae vingi ni vya vyungu vya kupikia na mitungi ya akiba. Katika tabaka za juu yake mabakuli ya wazi huongezeka, mengine yenye nakshi, mengine yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Jeffrey Fleisher, aliyechimba kaskazini mwa Pemba, alieleza mwaka 2010 kwamba mabakuli ya namna hiyo ni alama ya karamu, yaani ya watu kula pamoja mbele ya macho ya wenzao. Katika kisiwa hicho hicho punje za mpunga ziliongezeka tangu karne ya 11 na kuushinda uwele uliotangulia. Wali ukapata cheo, na wali ni chakula kinachopenda chombo kipana: hupakuliwa kama kichuguu, na kila mlaji huukata kwa upande wake.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Habari zake za Mogadishu zina thamani kubwa kwa shauri letu. Aeleza kwamba aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za malimau, pilipili, tangawizi na embe. Alistaajabia wingi wa kula kwa wenyeji, akasema kwamba mmoja wao hula chakula cha watu kadhaa. Mtoto hakumtaja. Lakini kila aliyepata kula katika sinia ajua kwamba chombo kimoja chenye vitoweo vingi hakiliki kwa amani pasipo mipaka. Mipaka hiyo haikuchongwa katika mti wala kuchorwa katika shaba. Ilikuwa katika akili za walaji, nayo ilianza kutiwa humo utotoni.

Katika pwani mwalimu mkuu wa mipaka hiyo alikuwa dini. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yasimulia habari ya Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume Muhammad baada ya mama yake, Umm Salama, kuolewa naye. Mkono wa mtoto yule ulikuwa ukizunguka huku na huku chomboni. Hakupigwa, wala hakuondoshwa penye chakula. Aliambiwa mambo matatu: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kuume, na ale kilicho mbele yake. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba tangu siku ile hakula ila kwa namna hiyo. Msomaji na aangalie ufupi wa mafunzo haya. Moja ni neno la kuanzia, la pili ni mkono, la tatu ni mahali. Na kila moja mtoto wa miaka minne aweza kulishika. Hamna humo amri ya kunyamaza, wala amri ya kumaliza chakula.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya malezi katika kitabu chake cha Ihya alianza na chakula, kwa maoni kwamba tamaa ya kwanza kumshika mtoto ni ulafi. Ashauri mtoto afundishwe asiwatangulie wenzake, asikodolee macho chakula wala walaji, asiharakishe, atafune vema, asifuatanishe matonge, na asichafue mikono wala nguo. Masharifu wa Hadhramaut, ambao wengi wa jamaa zao walihamia Lamu, Visiwa vya Ngazija na Zanzibar, walikitukuza sana kitabu hiki, na kwa njia yao na ya wanafunzi wao adabu zake zilizagaa katika vyuo na nyumba za pwani.

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Mwaka 1530 Erasmus wa Rotterdam alitoa kwa Kilatini kitabu kidogo cha adabu za watoto wa kiume, akamtunukia mwana wa wakubwa aliyeitwa Henry wa Burgundy. Humo asema kwamba kutangulia kutia mkono chomboni ni kazi ya mbwamwitu. Ulaya ya siku zile nayo ilikuwa ikila kwa vidole katika vyombo vya shirika, na uma ulikuwa bado haujaenea. Basi mtu wa Tus na mtu wa Rotterdam, waliopishana kwa miaka mia nne na zaidi, walifikia shauri moja kwa sababu walikabiliwa na chombo cha namna moja. Tukilijua hili hatutasema tena kwamba adabu ya sinia ni ukali wa kabila fulani au wa zama fulani. Ni akili iliyozaliwa na haja.

Sasa tuingie nyumbani. Utaratibu wa chajio katika nyumba za pwani uliendelea mpaka ndani ya karne ya 20, na mahali pengi waonekana bado wakati wa Ramadhani. Hatua zake zilifuatana bila kugeuka. Jua lilipokuchwa na adhana ya magharibi ikasikika, watoto waliitwa kutoka michezoni, maana haikupendeza mtoto kuzurura nje saa ile. Mkeka au jamvi lilitandikwa. Mtoto mmoja alileta birika na beseni, mwingine alishika kitambaa cha kufutia mikono, na mdogo kabisa aliachiwa kubeba bakuli la chumvi au la ndimu. Wakubwa walinawishwa kwanza, kisha wadogo. Sinia lilishushwa limefunikwa kawa, na kawa halikufunuliwa mpaka wote wameketi. Mkubwa alitaja jina la Mungu, wengine wakaitikia, mikono ikashuka.

Kila mmoja alichota mbele yake. Kitoweo kilikaa katikati, na katikati hapakuwa mahali pa mtoto. Mkubwa wa sinia ndiye aliyechambua samaki au kukata nyama, akaisukuma minofu mbele ya kila mtoto kwa zamu. Mkubwa mwenye adabu hakuondoa mkono mapema, hata kama ameshiba, asije akamtahayarisha mdogo alaye polepole. Baada ya kushukuru palikuwa na kunawa tena, na aghalabu palikuwa na ukoko, ambao kwa watoto ulikuwa karamu nyingine. Kisha zikaja hadithi. Bibi alisema paukwa, watoto wakajibu pakawa, na usiku ukafunguka.

Utaratibu huu ulitulizaje watoto? Kwa maoni yangu sababu ni nne. Kwanza, mtoto alijua kinachofuata. Fujo nyingi za mtoto mdogo hutoka katika kutojua kwamba jambo litakuja lini, na birika lilikuwa dalili ya sinia kama wingu lilivyo dalili ya mvua. Pili, mtoto alikuwa na kazi, na mwenye kazi katika shughuli hujiona kuwa mmoja wa wenye shughuli. Tatu, alikuwa na milki yake: upande wake wa wali ulikuwa wake, na hata kaka yake mkubwa hakuwa na ruhusa ya kuuvuka. Nne, mlo ulikuwa na mwisho mtamu, yaani ukoko na hadithi, ambao haukutolewa kwa aliyekula sana wala kunyimwa aliyekula kidogo. Ulikuwa wa wote waliokaa.

Ushahidi wa haya twaupata kila mwaka katika futari. Mtoto wa miaka mitano, asiyelazimishwa kufunga, hukaa karibu na uji na tambi akiviangalia tu, mikono yake mapajani, mpaka adhana isikike. Mtoto huyo huyo katika mwezi mwingine hawezi kungoja mchuzi upoe. Tabia yake haikubadilika kwa siku moja. Kilichobadilika ni kwamba kungoja kwake kumepewa umbo: kuna saa, kuna sauti ya kuimaliza saa hiyo, na watu wazima nao wanangoja pamoja naye. Methali yetu husema kwamba haraka haraka haina baraka. Futari humwonyesha mtoto maana yake pasipo hotuba.

Nao waliofundisha kwa maneno walijua thamani ya ukaribu. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, alianza kwa kumwita asogee asikilize. Mama yule alikuwa mgonjwa, na mambo aliyotaka kufundisha yalikuwa mazito. Hata hivyo hakuanza kwa kukemea. Adabu ilitolewa kwa mtu aliye karibu, kwa sauti inayotosha kufika alipokaa.

Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kuitia asali historia yake. Sinia lililotuliza watoto lilikuwa pia kipimo cha vyeo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo aeleza kwamba masuria wa baba yake hawakula pamoja naye, ijapokuwa walikuwa mama wa watoto wake. Basi mtoto aliweza kukaa kwenye chakula cha mfalme na mama yake asikae. Katika nyumba za kawaida nako wanaume walikuwa na sinia lao, wanawake na watoto lao, na kitoweo kizuri kilielekea sinia la kwanza. Firigisi ya kuku ilikuwa ya baba. Mahali pengi watoto walikatazwa mayai kwa visingizio mbalimbali. Utulivu wa mtoto aliyeridhika na utulivu wa mtoto aliyekata tamaa hufanana kwa mbali, na wazee wanaousifu ukimya wa zamani hawakuutenganisha huu na ule daima.

Gharama ya jambo hili ilionekana hospitalini. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliueleza kwa wataalamu ugonjwa wa kwashiorkor, unaompata hasa mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa chakula kisicho na lishe ya kutosha. Ugonjwa huo ulionekana pia Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1960 kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilianzishwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, ili mama na mtoto watibiwe na kufundishwa pamoja. Tangu siku hizo wauguzi wa kliniki wamewashauri mama wampe mtoto mdogo sahani yake peke yake, ili mama aone kwa macho kiasi alichokula. Katika sinia la ndugu sita, mdogo wa miaka miwili hawezi kushindana na wa miaka tisa, na hapana ajuaye kama amekula matonge kumi au matatu.

Shauri hilo lilikuwa la haki, nami silipingi. Lakini sahani ilipoingia ilikuja na mabadiliko mengine. Shule na ofisi ziliwapangia watu saa zisizofuata jua. Baba akarudi saa mbili ya usiku, watoto wakala saa moja, mama akala amesimama jikoni. Kisha ikaja televisheni: Kenya mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973, Tanzania Bara mwaka 1994. Ilichukua mahali pa katikati palipokuwa pa sinia, na wote wakageuza nyuso kuielekea. Siku hizi simu ya mkononi imemaliza kazi hiyo, kwa kuwa televisheni ilikuwa angalau moja kwa watu wote. Birika likawa bomba la ukutani, ambako kila mmoja hunawa peke yake kwa wakati wake. Kawa likapotea. Mtoto akaondolewa kazi ya kuandaa kwa hofu ya kuvunja. Katika yote yaliyokuwa yakimtuliza likabaki moja tu, nalo ni sauti ya mkubwa ikisema: kaa vizuri, kula, maliza.

Na hapa utafiti wa siku zetu umesema neno linalowafaa wazazi. Mwaka 1980 Leann Birch, mtaalamu wa Marekani, aliwaketisha watoto wadogo pamoja na wenzao wanaopenda mboga ambayo wao hawakuipenda. Baada ya siku chache wengi wakaanza kuichagua wenyewe. Mwaka 2006 Amy Galloway na wenzake, Birch akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba watoto wanaohimizwa wamalize supu yao hula kidogo zaidi na kuilalamikia zaidi kuliko wasiohimizwa. Catherine Snow wa Harvard na wenzake, waliorekodi mazungumzo ya familia wakati wa kula, wameonyesha kwamba mazungumzo hayo humwongezea mtoto maneno na ujuzi wa kusimulia. Nayo miongozo ya kulisha watoto wadogo iliyotolewa mwaka 2003 na Shirika la Afya la nchi za Amerika pamoja na Shirika la Afya Duniani yashauri mtoto alishwe polepole na kwa subira, atiwe moyo pasipo kulazimishwa, aondolewe vinavyomvuruga mawazo, na azungumzwe naye huku akitazamwa usoni.

Tukiyalinganisha maneno hayo na mkeka wa zamani, twaona kwamba sehemu moja ya mila yatakiwa kuachwa na sehemu nyingine yatakiwa kurudishwa. Ya kuacha ni vyeo vya kitoweo na kumlazimisha mtoto. Ya kurudisha ni umbo la mlo. Sahani ya mtoto na ibaki, maana ndiyo milki yake ya sasa. Iwekwe tu katika mkeka mmoja au meza moja na za wakubwa, na chakula kiwe kile kile wanachokula wao. Mkubwa achague kinachopikwa na saa ya kuliwa. Mtoto aachiwe kujua kiasi cha tumbo lake. Kunawa kuwe kwa pamoja, hata kama ni kwa jagi la plastiki. Kila mtoto awe na kazi yake ya kila siku, iwe kuhesabu vijiko au kuleta chumvi. Pawe na neno la kuanzia, kila nyumba kwa dini na desturi yake, na chakula kisiguswe kabla ya neno hilo. Simu zilale mbali. Na baada ya chakula pawe na kitu kidogo cha kungojewa, kama kitendawili au hadithi fupi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba mtu arudiye kazini amechoka hana nguvu za birika na hadithi. Nami nawaomba wakumbuke kwamba waliouanzisha utaratibu huu walirudi kutoka baharini na mashambani, wakapika kwa kuni na kula kwa mwanga wa kandili. Hawakuwa na nafasi kutushinda. Waliushika utaratibu kwa sababu uliwapunguzia kazi: mtoto ajuaye mahali pake na zamu yake hahitaji kukemewa kila dakika. Familia isiyoweza kukutana kila jioni na ikutane mara tatu kwa juma, au asubuhi badala ya jioni. Umbo ndilo lenye maana kuliko saa.

Samaki mkunje angali mbichi, wasema wahenga, na wengi wameifahamu methali hiyo kuwa ruhusa ya kutumia nguvu. Lakini samaki mbichi akikunjwa kwa nguvu huvunjika mgongo. Hukunjwa kwa mkono mwepesi, polepole, na kwa wakati wake. Vizazi vya pwani vilikuwa na mkono huo jioni kwa jioni, kwa maji ya birika, kwa kawa lililofunuliwa pamoja, na kwa mnofu uliosukumwa mbele ya mdogo. Watoto wetu hawakupungukiwa na hofu. Wamepungukiwa na mambo hayo, na hakuna hata moja kati yake lisiloweza kupatikana usiku wa leo.